Vyama vya Udada vya Vyuo Vikuu Marekani: Walikoanzia Wanawake Waliofika Bungeni na Serikalini

Na Mwandishi Wetu

Machi 30, 2023, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alimpokea Ikulu jijini Dar es Salaam Makamu wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Mhe. Kamala Harris. Taarifa zilizotolewa kuhusu ugeni huo zilieleza wasifu wa mgeni kwa kirefu: mwendesha mashtaka mkuu wa jiji la San Francisco, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la California, Seneta, na kuanzia Januari 2021 mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa Makamu wa Rais katika historia ya taifa lake.

Katika wasifu huo kimo kipengele kimoja ambacho msomaji wa Tanzania anaweza kukipita bila kukitilia maanani. Mwaka 1986, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, Harris alijiunga na Alpha Kappa Alpha. Kwa Wamarekani weusi waliopita vyuoni, herufi hizo tatu za Kigiriki si jambo dogo. Zinaeleza mtu amelelewa na nani, anaitwa dada na nani, na siku akigombea uongozi ni milango gani itafunguliwa kabla hajaigonga.

Makala hii inaeleza vyama hivyo ni nini, vilianzaje, na kwa nini idadi kubwa ya wanawake weusi walioingia katika Bunge na Baraza la Mawaziri la Marekani walipitia humo.

Chama cha udada ni nini?

Huko Marekani vyama hivi huitwa sororiti, neno lenye asili ya Kilatini linalotokana na jina la dada. Katika makala hii tutaviita vyama vya udada. Vilianza katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati vyuo vichache vilipoanza kupokea wanawake. Wanafunzi wa kiume walikuwa tayari na vyama vyao vya udugu, vyenye majina ya herufi za Kigiriki, viapo na siri za ndani, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Wakaunda vya kwao. Pi Beta Phi kilianzishwa mwaka 1867 katika Chuo cha Monmouth, jimbo la Illinois. Kappa Alpha Theta kikafuata mwaka 1870 katika jimbo la Indiana.

Vyama hivyo vya mwanzo vilikuwa vya wanawake weupe. Mwanafunzi mweusi, hata pale alipokubaliwa chuoni, hakuwa na nafasi humo, wakati mwingine kwa masharti yaliyoandikwa na wakati mwingine kwa desturi ambayo haikuhitaji kuandikwa. Ndiyo sababu Januari 15, 1908, wanafunzi wa kike wa Howard, chuo kilichoanzishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kuwa kitovu cha elimu ya juu ya watu weusi, walianzisha Alpha Kappa Alpha. Mwanzilishi wake anayetajwa kwanza ni Ethel Hedgeman. Baadaye vikaja Delta Sigma Theta mwaka 1913 na Zeta Phi Beta mwaka 1920, vyote katika chuo hicho hicho, na mwaka 1922 walimu saba mjini Indianapolis wakaanzisha Sigma Gamma Rho. Vyama hivyo vinne, pamoja na vitano vya wanaume, ndivyo vinavyounda baraza la pamoja lililoasisiwa mwaka 1930 na ambalo wananchi wa huko hulitambua kwa idadi yake: vyama tisa.

Lipo jambo moja ambalo asipolielewa msomaji, mengine yote yatamtatiza. Katika vyama vya udada vya watu weusi, uanachama hauishii siku ya mahafali. Mhitimu huhamia katika tawi la wahitimu la mji anakoishi au kufanyia kazi, na huko huendelea kulipa ada, kuhudhuria vikao, kuchagua na kuchaguliwa. Wengine hujiunga wakiwa tayari na shahada na kazi. Kwa hiyo tunapozungumzia vyama hivi hatuzungumzii mabweni na sherehe za wanafunzi, kama filamu nyingi zinavyoonesha. Tunazungumzia mtandao wa walimu, wauguzi, mawakili, madaktari na watumishi wa umma, wenye matawi katika karibu kila mji mkubwa, katiba, hazina, na mkutano mkuu wa taifa.

Maandamano ya Machi 3, 1913

Kuzaliwa kwa Delta Sigma Theta kulitokana na mvutano. Wanafunzi 22 waliokuwa wanachama wa Alpha Kappa Alpha waliona chama chao kimejikita mno katika shughuli za ndani ya chuo, wakataka kibadilishwe jina na mwelekeo, kitazame mambo ya umma. Mhitimu mmoja, Nellie Quander, alipinga mabadiliko hayo na akahakikisha Alpha Kappa Alpha kinasajiliwa kisheria mwishoni mwa Januari 1913. Wale 22 walikwisha kujitenga. Chama chao kipya kilianza Januari 13.

Chini ya miezi miwili baadaye walipata mahali pa kuonesha walichokimaanisha. Machi 3, 1913, siku moja kabla ya Rais Woodrow Wilson kuapishwa, maelfu ya wanawake waliandamana katika barabara ya Pennsylvania mjini Washington kudai haki ya kupiga kura. Waandaaji walihofia kuwakera wafuasi wao kutoka majimbo ya Kusini, na palikuwa na shinikizo kwamba wanawake weusi wapangwe mwishoni. Quander, yule yule aliyepinga kuundwa kwa Delta, aliwaandikia waandaaji akiomba wanawake wa Howard wapewe nafasi ya heshima na kueleza kuwa hawakutaka kushiriki iwapo wangekutana na ubaguzi. Wanachama wa Delta waliandamana, na pamoja nao alikuwepo Mary Church Terrell, mwalimu na mwanaharakati ambaye baadaye aliwaandikia kiapo cha chama chao.

Ilikuwa siku ya vurugu. Makundi ya wanaume yaliziba njia, yakawatukana na kuwasukuma waandamanaji, na polisi hawakufanya mengi kuwazuia. Kwa binti mweusi wa miaka 20 katika Marekani ya 1913, kutoka nje ya lango la chuo na kuingia katika umati wa namna hiyo kulikuwa na hatari iliyozidi ya matusi. Mabadiliko ya Katiba yaliyowapa wanawake kura yalipatikana mwaka 1920, lakini katika majimbo ya Kusini kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho viliendelea kuwazuia watu weusi, wanawake kwa wanaume, hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965. Waliokuwa wasichana katika maandamano yale walikuwa wakaribia au wamevuka miaka 70 sheria hiyo iliposainiwa.

Zahanati ndani ya magari

Orodha za wanachama maarufu, ambazo ni nyingi, huwa hazielezi jambo lenyewe. Mtu husoma jina, cheo na mwaka, asijue chama kilimfundisha nini. Jibu linapatikana zaidi katika kazi ambazo hazikuwa na cheo.

Mwaka 1934 rais wa Alpha Kappa Alpha, mwalimu Ida Louise Jackson kutoka Oakland, California, alianzisha mafunzo ya likizo kwa walimu wa vijijini katika jimbo la Mississippi. Waliofika huko waliona kwamba walimu na watoto hawakuweza kuzungumzia elimu wakiwa wagonjwa na wenye njaa. Mwaka uliofuata chama kikaanzisha mradi wa afya, ukiongozwa na Dkt. Dorothy Boulding Ferebee, daktari aliyehitimu Chuo Kikuu cha Tufts na ambaye baadaye alikuwa rais wa chama. Kila majira ya kiangazi, kuanzia 1935 hadi 1942, madaktari, wauguzi, walimu na wanachama wengine walisafiri kwa magari yao kutoka miji ya kaskazini na Washington hadi katika maeneo ya pamba, kwa kujitolea.

Walikuwa wamepanga kufungua zahanati katika vituo maalumu na wananchi wawafuate. Haikuwezekana. Wenye mashamba makubwa hawakutaka wakulima wao, waliolima kwa kugawana mazao na kuishi katika madeni yasiyokwisha, waondoke shambani au wakusanyike mahali pamoja. Ferebee na wenzake wakageuza mpango: zahanati ikapakiwa ndani ya magari na kuwafuata wananchi huko huko mashambani. Watoto walichanjwa dhidi ya ndui na dondakoo, meno yakatibiwa, akina mama wakaelekezwa kuhusu lishe. Maelfu ya watu walihudumiwa katika miaka hiyo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonwa na daktari.

Mtu aliyewahi kuandaa chanjo katika kata isiyo na barabara anaelewa kwamba kazi ya namna hiyo haifanywi kwa huruma peke yake. Inahitaji bajeti, orodha, usafiri, ruhusa za mamlaka, na taarifa itakayosomwa na mtu asiyetaka kuiamini. Wanachama hao walirudi Washington wakiwa na takwimu na ushuhuda wa macho, wakati ambapo watu weusi wa Kusini hawakuwa na mbunge wa kuwasemea. Mwaka 1938 Norma Boyd, mwalimu wa hisabati na mmoja wa waasisi wa Alpha Kappa Alpha, akaongoza uanzishaji wa ofisi ya kudumu ya ushawishi katika Bunge la Marekani. Ofisi hiyo ilifuatilia miswada, ikaandaa hoja na kuwapelekea wanachama wa matawini taarifa za namna wabunge wao walivyopiga kura. Haikufungamana na chama chochote cha siasa, na jina lake lilisema hivyo waziwazi.

Mwaka 1948 kazi hiyo iliunganishwa na ya vyama vingine katika Baraza la Marekani la Haki za Binadamu. Miongoni mwa watumishi wa baraza hilo jipya alikuwepo kijana aliyeitwa Patricia Roberts.

Katibu mtendaji aliyekuwa waziri

Patricia Roberts, ambaye baada ya ndoa alijulikana kwa jina la Patricia Roberts Harris, alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa mhudumu wa mabehewa ya chakula katika treni. Alisoma Howard, na mwaka 1943, akiwa bado mwanafunzi, alishiriki mgomo wa kukaa katika mkahawa wa Washington uliokataa kuwahudumia watu weusi. Kuanzia 1949 alikuwa mkurugenzi msaidizi wa Baraza la Haki za Binadamu lililotajwa hapo juu, na mwaka 1953 akawa mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Delta Sigma Theta, kazi aliyoifanya hadi 1959.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Katika Marekani ya mwaka 1953, mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 29 angeweza kusimamia wapi makao makuu ya taasisi ya kitaifa, watumishi wake, fedha zake na matawi yake? Kampuni kubwa za sheria hazikumtaka. Wizara hazikumpa nafasi ya namna hiyo. Chama chake kilimpa. Rais wa Delta wakati huo alikuwa Dorothy Height, aliyeongoza kuanzia 1947 hadi 1956, na ambaye mwenyewe alikuwa na kumbukumbu ya mlango uliofungwa: mwaka 1929 Chuo cha Barnard mjini New York kilimkubali, kisha kikamweleza alipofika kwamba nafasi mbili zilizotengwa kwa wanafunzi weusi zilikuwa zimejaa.

Patricia Harris aliondoka Delta akiwa anasomea sheria, akahitimu mwaka 1960 akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa Balozi nchini Luxembourg, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuwa balozi. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alimteua kuwa Waziri wa Nyumba na Maendeleo ya Miji, na hapo akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Baraza la Mawaziri. Alipohojiwa na Seneti, Seneta mmoja alitilia shaka iwapo mtu aliyefikia hadhi yake angeweza kuwaelewa maskini. Alimjibu kwamba yeye ni binti wa mhudumu wa treni, na kwamba miaka minane tu iliyotangulia asingeweza kununua nyumba katika baadhi ya mitaa ya mji huo huo. Alithibitishwa.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 2021, wizara hiyo hiyo ilikabidhiwa kwa Marcia Fudge wa Ohio. Naye alikuwa ameongoza Delta Sigma Theta, akiwa rais wake wa taifa kuanzia 1996 hadi 2000, kabla ya kuingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2008.

Dorothy Height hakuwahi kugombea ubunge. Aliongoza Baraza la Taifa la Wanawake Weusi kwa miongo minne, baraza lililoasisiwa mwaka 1935 na Mary McLeod Bethune, mwanachama wa heshima wa Delta na mtumishi wa ngazi ya juu katika serikali ya Rais Franklin Roosevelt. Katika maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 1963 Height aliketi jukwaani karibu na Dkt. Martin Luther King, lakini hakupewa nafasi ya kuhutubia. Watu waliofanya kazi kubwa ya kuandaa siku ile wakaketi na kusikiliza.

Kutoka vikao vya tawi hadi Baraza la Wawakilishi

Shirley Chisholm alijiunga na Delta akiwa Brooklyn, New York. Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, na mwaka 1972 aliomba kuteuliwa na chama chake cha Democratic kugombea urais, wakati ambapo hata wanasiasa weusi wa kiume walisita kumuunga mkono. Mwaka huo huo Barbara Jordan wa Texas, naye wa Delta, aliyejiunga akiwa mwanafunzi wa Texas Southern, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi. Hotuba yake katika kamati ya sheria Julai 1974, kuhusu mamlaka ya Katiba na mashtaka dhidi ya Rais Richard Nixon, bado hufundishwa vyuoni.

Kwa upande wa Alpha Kappa Alpha, Texas pia ilimtoa Eddie Bernice Johnson, muuguzi kitaaluma, aliyekaa bungeni kwa miaka 30, na Sheila Jackson Lee. Zeta Phi Beta kilimlea Donna Edwards wa Maryland. Sigma Gamma Rho kinaye Robin Kelly wa Illinois. Loretta Lynch, Mwanasheria Mkuu wa Marekani kuanzia 2015, alikuwa miongoni mwa walioanzisha tawi la Delta akiwa mwanafunzi wa Harvard.

Msomaji wa Tanzania hatapata shida kuelewa mantiki ya njia hii. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, yeye mwenyewe akiwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma, alitumia vikundi vya ngoma vilivyokuwa tayari na viongozi, wanachama na kuaminiana. Chama cha siasa kinapofika mahali penye vikundi vya namna hiyo, hukuta kazi nusu imekwisha kufanyika.

Nchini Marekani kazi hiyo imewekewa utaratibu. Tangu mwaka 1989 wanachama wa Delta hukusanyika Washington kila mwaka, hupewa maelezo kuhusu miswada iliyo mezani, kisha huenda katika ofisi za wabunge wao. Mwanamke anayekuja kugombea udiwani au ubunge baada ya miaka 10 ya shughuli hizo amekwisha kuongoza vikao, kusimamia hazina, kushindwa katika uchaguzi wa ndani na kuendelea kufanya kazi na aliyemshinda.

Vyama vya wanawake weupe navyo vina majina yao. Carrie Chapman Catt, aliyeongoza hatua za mwisho za kudai kura ya wanawake, alikuwa wa Pi Beta Phi. Nancy Kassebaum, Seneta wa Kansas aliyewahi kuongoza kamati ndogo ya Seneti ya masuala ya Afrika, alikuwa wa Kappa Alpha Theta. Elizabeth Dole, waziri katika serikali mbili na baadaye Seneta, ni wa Delta Delta Delta. Condoleezza Rice, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alijiunga na Alpha Chi Omega akiwa Denver, na hivyo anawakumbusha wachambuzi kwamba si kila mwanasiasa mweusi alipita Howard, wala si kila mwanachama wa vyama hivi ni wa Democratic.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Uhusiano wa vyama hivi na ukanda wetu haukuanza na ziara ya mwaka 2023. Katika miaka ya 1960 Delta Sigma Theta kilichangia fedha kwa ajili ya hospitali ya uzazi mjini Thika, Kenya. Alpha Kappa Alpha, ambacho hutoa uanachama wa heshima kwa wanawake wachache waliotukuka na kiliwahi kumpa heshima hiyo Eleanor Roosevelt, kilimpa pia Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa Mbunge wa Tetu, Naibu Waziri wa Mazingira wa Kenya na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Maathai alikuwa amesoma Kansas na Pittsburgh katika miaka ya 1960, akiwa mmoja wa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kwa masomo karibu na wakati wa uhuru.

Yanayolalamikiwa

Si sahihi kuviwasilisha vyama hivi kana kwamba havina dosari. Kujiunga kunahitaji elimu ya chuo, alama nzuri, barua za wadhamini na fedha za ada, na kura ya waliomo. Binti mwenye kipaji ambaye hakufika chuoni yuko nje. Zimekuwepo kwa miaka mingi shutuma za mateso wanayofanyiwa wanaotaka kujiunga, jambo ambalo vyama vyote vimelipiga marufuku kwa maandishi lakini halijakoma vyuoni. Watu weusi wenyewe wamebishana iwapo vyama hivi vinaisemea jamii nzima au tabaka la wasomi wake tu.

Kwa vyama vya weupe lipo swali la zamani zaidi. Mwaka 2013, zaidi ya karne moja baada ya kuasisiwa kwa Alpha Kappa Alpha, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama liliripoti kuwa wanafunzi weusi walikataliwa na vyama vya udada vya weupe chuoni hapo kwa sababu ya rangi. Uongozi wa chuo uliingilia kati na milango ikafunguliwa msimu huo huo. Katika chuo hicho vyama vya udugu na udada vimekuwa na nguvu kubwa katika siasa za wanafunzi kwa vizazi, na wengi waliotoka humo wamekuwa viongozi wa jimbo. Anayezuiwa kuingia chumba cha kwanza huchelewa kufika katika vyumba vinavyofuata.

Swali jingine ni la siasa za vyama. Vyama vinne vya udada vya watu weusi vinajitambulisha kuwa havifungamani na upande wowote, na kwa kawaida hujihusisha na uandikishaji wa wapiga kura bila kutaja mgombea. Mstari huo ulikuwa mwembamba sana mwaka 2020, Harris alipoteuliwa kuwa mgombea mwenza. Wanachama wa Alpha Kappa Alpha, kila mmoja kwa nafasi yake, walianza kutuma michango ya dola 19.08, tarakimu za mwaka wa kuasisiwa kwa chama chao. Mwaka 2024 Harris alihutubia mkutano wa chama chake mjini Dallas Julai 10. Julai 21 Rais Joe Biden akajitoa katika kinyang'anyiro. Julai 24 Harris alikuwa Indianapolis mbele ya Zeta Phi Beta, na Julai 31 Houston mbele ya Sigma Gamma Rho. Ndani ya wiki tatu alikuwa amezungumza na mikutano mikuu ya vyama vitatu kati ya vinne.

Uchaguzi wa Novemba 2024 alishindwa na Donald Trump. Mtandao wa aina hii unaweza kumfikisha mgombea mlangoni akiwa na fedha, watu wa kujitolea na orodha za wapiga kura, lakini hauwezi kubadilisha peke yake mawazo ya majimbo 50.

Katika uchaguzi huo huo, hata hivyo, wapiga kura wa Delaware walimchagua Lisa Blunt Rochester kuwa Seneta, na wa Maryland wakamchagua Angela Alsobrooks. Wote wawili ni wanachama wa Delta Sigma Theta. Walipoapishwa Januari 3, 2025, ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wawili weusi kuwemo katika Seneti ya Marekani kwa wakati mmoja. Kabla yao walikuwa wamechaguliwa wawili tu: Carol Moseley Braun wa Illinois mwaka 1992, naye wa Delta, na Kamala Harris mwaka 2016. Hadi siku hiyo, wanawake weusi waliowahi kuingia Seneti kwa kura za wananchi walikuwa wanne, na wote wanne walikuwa wa vyama viwili vilivyogawanyika Howard mwezi Januari 1913.